Nasikia Naolewa

Ukumbi wa benki ulikuwa umefurika, watu wakigombea mashine mpya ya kutoa namba za foleni. Msichana mwenye gauni la njano aliibonyeza mara mbili kwa pupa. Mashine ikazima.

"Dada, haibonyezwi hivyo," alisema kijana nyuma yake, kompyuta kwapani, shati kalichomekea upande mmoja. Ndiye aliyeiandikia programu. "Nimeikagua ndani, mstari kwa mstari."

"Mimi kazi yangu kupima programu, kaka. Mteja ndani haoni. Nabonyeza kama yeye, naangalia kinachotoka. Hapa hakijatoka kitu."

Fundi akacheka, akaomba namba ya simu. Basi mapenzi yakaanza, tena ya moto. Kila jioni simu: "Mpimaji wangu, umekula?" "Nimekula. Wewe shati umechomekea?"

Kisha simu zikaadimika. Akipiga binti, fundi anajibu, "Nina kazi, mpenzi," anakata. Moyo ulimuuma mtoto wa watu. Alipopata kazi mji mwingine, hakuona cha kumzuia. Akampigia.

"Jumatatu nasafiri. Kama umenichoka, ungesema tu."

"Nikuchoke?"

Fundi alifika kwake mbio, anahema, rangi ya ukuta imemganda mikononi. "Mama yangu nimeshamwambia. Mjomba wako kanikubalia. Shangazi kachagua siku ya harusi. Nyumba yetu imebaki chumba kimoja kupaka rangi. Nikawaomba wote wanyamaze, nikwambie mwenyewe kila kitu kikiwa sawa. Sikutaka pawe na kosa hata moja."

Binti alimtazama, kilio na kicheko vikigombania njia. Ukoo mzima unaijua harusi, bibi harusi hana habari.

"Na mimi nani kaniuliza?"

Fundi akajigusa kifua. "Lakini humu ndani kila kitu kilikuwa tayari."

"Humo ndani mimi siingii, mpenzi. Mimi niko nje, nangoja kinachotoka. Mwezi mzima hakijatoka kitu, nimelia hadi mto umelowa."

Akamsogelea, akambonyeza kifuani kwa kidole mara mbili, kwa pupa ileile ya benki. "Haya. Sema."

"Nakupenda," fundi alisema. "Ukienda nakufuata, rangi nitapaka upya hukohuko. Naomba nikuoe."

Binti alimchomekea vizuri ule upande wa shati uliokuwa nje, akachukua simu.

"Shikamoo mjomba. Nasikia naolewa. Nimekubali."