Mtumbwi Uliotoka Jumanne

Kila Jumanne bahari hupumzika; kwa mila, hakuna anayekwenda kuvua wala kutembeza wageni. Siku hiyo Mansa na rafiki yake Aba husugua nyavu za waya za kubanikia samaki.

"Wewe unapapasa tu," Aba alimtania. "Wavu wako bado mweusi kama sufuria ya msibani."

Kabla Mansa hajajibu, upepo ulivuma ghafla. Kule kwenye hoteli ya ufukweni miavuli iling'oka na wageni wakakimbilia ndani. Bahari ikawa ya kijivu. Mansa aliacha kusugua, akatazama baharini.

Alfajiri ya siku hiyo baba yake, Bentsil, alikuwa ameusukuma mtumbwi wake wa mashine kutoka nyuma ya mwamba. Aliwapakia wageni wawili waliotaka kuona nyangumi. "Usimwambie mtu," alimnong'oneza Mansa. "Nana Otoo akijua, nitafungiwa mtumbwi." Nana Otoo ndiye mkuu wa wavuvi.

"Mbona unaangalia baharini?" Aba aliuliza. "Mitumbwi iko nchi kavu. Unamwogopea nani?"

Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Siku nyingine kina mama wangekuwa wamejaa ufukweni, wakiwangoja waume zao. Leo hakuna aliyemngoja mtu. Baba angeweza kuzama huku mji mzima umekaa unakula. Lakini akisema, baba ataaibika na mtumbwi utafungwa.

Wimbi likapiga mwamba kwa kishindo. Mansa akakimbia.

Nana Otoo alikuwa kibarazani akicheza drafti na vijana.

"Nana," Mansa aliita, akihema.

"Sema, mjukuu wangu. Umeona jini?"

"Baba yuko baharini. Ametoka na wageni."

Kete ilimponyoka mzee. "Shusheni mitumbwi," aliwaambia vijana.

"Nana, leo ni Jumanne," mmoja alisema.

"Tumekatazwa kuvua na kutembeza wageni. Nani alitukataza kumfuata mtu?"

Mansa alisimama ufukweni, mvua ikimpiga, macho hayabanduki baharini. Kila wimbi jeusi alilidhani ni mtumbwi uliopinduka. Mwishowe vijana walitokea, wakiuvuta mtumbwi wa baba yake. Mashine ilikuwa imezimika. Baba alikuwa ndani, mzima. Wageni walikuwa wamelowa na kutapika, lakini nao wazima.

"Mtumbwi utafungwa, Bentsil," Nana Otoo alisema. "Tena usimtwike mtoto siri ya kumtetemesha. Nawe Mansa, umefanya vizuri. Uhai wa mtu ukiwa hatarini, sema, hata kama uliambiwa unyamaze."

Bentsil alipiga magoti kwenye mchanga mbele ya binti yake.

"Nisamehe, mwanangu. Hata mimi niliogopa tangu alfajiri. Niliona haya kuwakatalia wageni."

Kisha akawageukia wageni waliokuwa wakitetemeka, akawaambia polepole kwa lugha yao:

"Jumanne hatutoki."