Kabureta Iliyorudisha Pumzi

Kabureta ilirudisha pumzi. Fundi alikuwa amepuliza kwenye tundu lake, kama mafundi wanavyopima njia za petroli, na upepo ukamrudia midomoni, wa uvuguvugu, wenye harufu ya dawa ya kifua.

"Unainunua au unaibusu?" shemeji yake, muuza spea kuukuu, aliuliza. "Marehemu dada yangu angekuona, leo ungelala nje."

"Yeye ndiye aliyeniusia gari lake lisife. Nipe hii."

"Chukua basi ile inayong'aa."

"Ile imepakwa rangi kuficha ufa. Hii shafti yake haichezi, uso wake wa kufungia haujapinda." Alijipangusa midomo. "Ni nzima. Nzima mno."

Nyumbani aliifunga kabureta kwenye gari la mkewe. Binti yake akakaa kwenye kiti cha dereva, kilichokuwa cha mama yake, akawasha. Injini ilishika mara moja. Kisha mlio ukashuka, ukawa pumzi fupi, pumzi fupi, halafu ndefu yenye filimbi mwishoni.

Binti alinong'ona, "Baba... si Mama huyo?"

Fundi alijua. Alikuwa ameisikiliza pumzi hiyo kitandani kwa mkewe hadi ilipokatika. Alipaswa kumwambia azime. Badala yake aliinamia boneti, akasogeza sikio.

"Baba, kifua kinanibana."

Alipoinua kichwa, midomo ya binti ilikuwa imeanza kubadilika rangi, na kifua chake kilipanda injini iliposhuka na kushuka injini ilipopanda, kana kwamba wawili hao waligawana pumzi moja. Fundi alichomoa ufunguo lakini injini haikuzima, akang'oa waya wa betri lakini haikuzima, akaziba mdomo wa kabureta kwa kiganja, jambo linaloua injini yoyote, akahisi kitu laini kikimlamba katikati ya vidole, na nyuma ya kioo mwanawe sasa alikuwa akipapasa mlango bila kuuona, ndipo alipokumbuka kwamba kule kwa shemeji ni yeye aliyeanza kuipa kabureta pumzi, akabandika mdomo wake kwenye tundu lile lile na kuivuta irudi, akavuta mpaka macho yakaingia giza.

Injini ikanyamaza. Binti aliangukia usukani, honi ikalia, naye akapumua.

Shemeji, alipopigiwa simu, alikuja kuichukua kabureta yake, akiishika kwa kitambaa, bila utani.

"Twende kwa mganga leo hii, shemeji. Hilo si la kulala nalo."

"Kesho," fundi alisema, akakohoa.

Binti aligeuka ghafla. "Baba, umekohoa kama Mama."

"Vumbi la gereji, mwanangu."

Aliingia chumbani, akafunga mlango, akaketi upande wa kitanda uliokuwa wa mkewe. Jua la mchana lilikuwa bado dirishani. Akabana pumzi ili asikilize vizuri.

Kifua chake kiliendelea kupanda na kushuka.