Mashine Iliyoachwa

Mlango haukuvunjwa, kufuli halikuguswa, lakini mashine moja ya tiba ya mwanga mwekundu ilikuwa imeyeyuka kutoka chumba cha tiba ya viungo. Funguo zilikuwa tatu: ya tabibu, ya mfagizi na ya msaidizi, binti aliyeanza kazi majuzi. Kila mtu alishamtia binti huyo pingu kwa macho.

Inspekta aliwasha mashine iliyobaki. Nusu ya taa ziliwaka, nusu zikabaki giza.

"Hii mbovu?"

"Nzima kabisa, afande," binti alijibu, machozi yakimlengalenga. "Hizo za giza ndizo zinazopenya hadi kwenye viungo. Jicho haliuoni mwanga wake. Jaribu kamera ya simu."

Inspekta alijaribu. Kwenye kioo cha simu, taa "zilizokufa" zilimeremeta zambarau. Alifurahi kama mtoto.

"Na iliyoibwa?"

"Nyekundu tupu, ya ngozi. Sasa mimi niibe ile, niache hii?"

Binti alikuwa na akili ya kipolisi, na Inspekta alimvulia kofia. Mwizi alikuwa na ufunguo, ila hakujua siri ya taa za giza. Tabibu aliijua. Alibaki mmoja.

Mfagizi alimfungulia mlango wa nyumba yake bila ubishi. Katika chumba cha ndani, mama yake mzee alikuwa amekaa kitini, kitambaa machoni, goti wazi. Mashine ilikuwa shubiri moja kutoka kwenye goti, na saa ya jikoni ikihesabu dakika. Hata hospitali wasingeipanga vizuri zaidi.

"Nani kakufundisha, dada?"

"Nilikuwa nasikiliza nikipiga deki. Shubiri moja, dakika kumi, macho yafunikwe."

"Kwa nini hukuomba zamu?"

"Niliomba, afande. Foleni ni miezi mitatu, na mama anakwenda msalani akitambaa. Nikachukua inayowaka taa zote. Ile nyingine nilidhani imeungua."

Inspekta alimvuta kando, akamweleza kuwa taa za giza ndizo za viungo. Mfagizi alijishika mdomo, akakaa sakafuni.

"Nipeleke kituoni, binti wa watu aachiwe," alinong'ona. "Ila mama asisikie kuwa hii ni ya ngozi tu. Jana kasimama mwenyewe."

Zilibaki dakika nne. Inspekta aliziacha ziishe.