Mume Wangu Aliuza Filamu Yenye Sura ya Mama

Nina miaka thelathini na sita, mkulima wa mihogo na maharage, mama wa watoto wawili. Wasomaji wenzangu, haya yalinipata mwaka 2013 nikiwa nimeolewa Heru Juu, Kasulu...

Ujanani, baba yangu aliwaongoza wazungu porini wakipiga filamu za wanyama. Walipoondoka walimwachia filamu moja na mashine ya kuionyeshea. Kila Krismasi tuliwasha jenereta na kutundika shuka ukutani. Humo nyati alimkimbiza mpiga picha, watoto wakapiga mayowe! Kisha, kwa kitambo kidogo tu, alitokea mama akipuliza moto kambini, akicheka... Mama alifariki nikiwa mchanga. Sura yake nyingine sina.

Mwaka ule shangazi yangu wa Kitahana, kule Kibondo, aliugua. Nikaenda kumuuguza. Niliporudi nilikuta pikipiki mpya uani, na filamu haipo!

"Mama Neema, nimefanya biashara," mume wangu alisema huku akitabasamu. Alikuwa amepita mkusanyaji wa filamu za zamani. Eti watu kama yeye huzisaka kwa udi na uvumba, kwa sababu rangi zimechujuka kwa umri na hatari ile ilikuwa ya kweli, si ya kompyuta. Akanunua, akaenda zake. Hata namba ya simu hakuacha.

Sawa, nyati wana wapenzi wao. Je, na mama yangu alikuwa wa kuuzwa?

Baba, tuliyekuwa tukiishi naye, hakugomba. Aliuliza tu, "Sasa nitamwona wapi?"

Wazee wa ukoo wa mume wangu wakakaa kikao. Wakaniamuru nimwombe radhi kwa kelele nilizompigia.

"Mwanamke mzima unalilia nyati?" mmoja aliniuliza.

Nikasimama. "Silii nyati, mzee. Namlilia mama yangu. Na radhi siombi!"

Nikafunga virago, nikamchukua baba na wanangu, tukahamia kwenye shamba la baba, Rungwe Mpya. Mume wangu alinifuata na pikipiki yake, akanibembeleza nipande turudi nyumbani.

"Mrudishe mama kwanza, ndipo nipande," nikamjibu.

Akageuza pikipiki, akaenda zake!

Filamu sijaipata hadi leo. Nimelia sana, lakini magoti sijapiga wala sitapiga! Ndugu zangu, kabla hujauza cha mwenzako, muulize kina nini ndani yake. Na wewe uliyenyang'anywa, kisha ukaambiwa uombe radhi... usiombe!