Siku Niliyokaa Meza Moja na Mkwe Wangu

— Mama, usigonge geti. Amefunga kwa nje, funguo ameenda nazo.

Ni mwanangu Noela huyo, ananiongelesha kwenye upenyo wa geti, huko Geita. Mimi nimetoka Segese alfajiri na mfuko wangu wa michembe, viazi vitamu vya kukausha, ya kumpelekea.

— Anakufungia tangu lini?

— Tangu harusi. Anasema ni mapenzi, eti Geita ina wanaume wengi. Hata simu yangu anakaa nayo yeye.

Pikipiki ikaja. Makoye, mume wake, mnunuzi wa dhahabu, akashuka na mkate na jibini. Kuniona tu akageuzia uso ukutani. Kwetu Wasukuma mkwe na mama mkwe hawatazamani, wala hawali meza moja.

— Shikamoo mama, akauambia ukuta.

— Marahaba, baba. Fungua nimwone mwanangu.

Akafungua, tukaingia, akafunga tena kwa ndani. Mimi nikapelekwa jikoni.

Noela akapaka mkate siagi, akakwangulia jibini juu, akafunika kikaango mpaka likayeyuka. Pembeni akakata saladi ya nyanya, tango na kitunguu. Limao akalikamua tone kwa tone.

— Likizidi anarusha sahani, mama. Jana karusha.

— Na bado unampenda?

— Nampenda. Na kurudi nyumbani naona aibu.

— Wewe Noela! Nile tosti za baridi? Makoye akafoka kutoka sebuleni.

Sahani nikaibeba mwenyewe. Makoye kakaa, funguo na simu ya Noela kaziweka mezani. Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake, nikauma tosti.

— Mama! Huu si mwiko?

— Nakula, baba. Tamu kweli, ina moto. Nikupakulie saladi?

Akaruka kama kakanyaga nyoka! Kiganja usoni, mbio mpaka chumbani, akajifungia.

— Mama, ondoka hapo mezani nipite!

— Ngoja nishibe kwanza, mkwe wangu.

Nikampa Noela funguo na simu yake. Akasimama, anautazama mlango wa chumbani, machozi yanamtoka.

— Segese watasema nini, mama?

— Watasema umerudi mzima.

Tukafungua geti, tukaondoka. Tulikuwa bado njiani, ujumbe wa Makoye ukaingia: “Noela mke wangu rudi. Bila wewe hata chakula hakipiti.”

Akausoma mara mbili. Kisha akaandika: “Njoo nyumbani. Uwaambie wazazi wangu kwa nini ulinifungia.”

Hajaja mpaka leo.

Mabinti zangu, na nyie wamama mnaosema “vumilia, ndoa ndivyo ilivyo”: mapenzi hayana kufuli. Msingoje mtoto arudishwe kwenye jeneza.

Jana Noela alitutengenezea tosti za jibini, na saladi akaikamulia limao zima.

— Lisizidi, nikamtania.

— Lizidi tu, mama!

Akacheka. Mlango ulikuwa wazi, kuku wanaingia na kutoka.