Meza Iliyosukumwa Ukutani

Kinanda alifungua mlango kwa ufunguo aliouvaa shingoni, akavua viatu, akasema, "Nimerudi." Hakuna aliyeitika, wala yeye hakutegemea kuitikiwa. Ilikuwa mazoea tu, kama mtu anayebisha hodi kwenye chumba anachojua ni kitupu.

Chakula kilikuwa mezani, kimefunikwa kwa sahani. Meza yenyewe ilisukumwa zamani hadi ukutani ili kuipisha baiskeli ya baba. Nusu yake ilibeba pasi, nguo zinazosubiri kupigwa pasi na makopo ya misumari. Palibaki nafasi ya sahani moja na viwiko viwili. Aliyeketi hapo kula alitazamana na ukuta. Kinanda aliujua ukuta huo kuliko alivyoijua ramani ya darasani: ufa mwembamba uliojikunja kama mto, tone la rangi lililogandia njiani, na msumari usioning'iniza kitu.

Alikula polepole huku akiimba puani. Ndicho kisa cha jina lake. Alipokuwa mtoto wa kutambaa hakuacha kuimba, baba akasema, "Humu ndani tumejinunulia kinanda," na jina likamganda. Sasa alikuwa binti wa miaka kumi na miwili, na kinanda kililia pale tu ambapo hakuna wa kukisikia.

Wazazi wake hawakuwa watu wabaya hata kidogo. Mama alikuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli kubwa ya mjini. Kutwa nzima alibadilisha shuka, akavalisha mito foronya, akasugua mabafu ya watu asiowajua. Zamu zake zilibadilika kila wiki. Baba alikuwa fundi wa lifti. Simu yake ikilia, ujue kuna mtu mahali fulani amekwama kati ya ghorofa mbili, na sahani ya baba inafunikwa tena. Kila mmoja alimwachia Kinanda chakula, kila mmoja alimuuliza habari za shule. Shida ni kwamba waliuliza wakiwa wanavaa viatu au wanavivua. Nyumba yao ilikuwa kama kituo cha mabasi: huyu anafika, yule anaondoka.

Mwaka huo likizo za wote watatu zilikutana kwa mara ya kwanza. Baba akatangaza kwamba watasafiri kwenda nchi jirani, kwenye mji wenye ziwa na vilima, wakae wiki nzima.

"Tutalala wapi?" Kinanda aliuliza.

"Hilo sasa ndilo la kuamua," baba alisema, akimwonyesha picha kwenye simu. "Kuna hoteli hii, na kuna nyumba hii ya kupangisha kwa siku. Mimi popote. Nikipata pa kunyoosha mgongo, nimefika."

"Mimi hoteli," mama aliitikia kutoka mlangoni, akifunga vifungo vya sare yake. "Miaka yote nawatandikia wengine, na mimi nitandikiwe japo wiki moja! Nitoke kwenda kutembea, nikirudi nikute shuka zimenyooka, wala nisijue nani kazinyoosha." Akacheka, nao wakacheka. Kisha akatazama saa, akatoka mbio.

Kinanda alibaki na picha. Ya hoteli ilionyesha jengo refu lenye madirisha yanayofanana. Ya nyumba ilionyesha jiko dogo, na katikati ya jiko meza ya mviringo yenye viti vinne. Haikugusa ukuta wowote. Aliitazama picha hiyo mpaka mwanga wa simu ukazimika.

"Nchi ile wanazungumza lugha unayojifunza shuleni," baba alimwambia. "Mimi na mama yako tutababaika tu. Wewe ndiwe mkalimani wetu. Piga simu sehemu zote mbili, uliza kama kuna nafasi, utuletee jibu."

Kesho yake shuleni, rafiki yake aliyeitwa Redio, kwa sababu hakuna aliyejua pa kumzimia, aliisikia habari hiyo na kuitangaza darasa zima.

"Chagueni hoteli!" Redio alisema. "Nani anavuka mpaka kwenda kuosha vyombo vya watu?"

"Nyumba ina meza nzuri," Kinanda alisema.

"Meza?" Redio aliwageukia wenzake. "Jamani, huyu anasafiri kwenda kuangalia meza! Njoo kwetu uione bure. Ila uje na kiti chako, vyetu tunagombania."

Darasa likacheka. Kinanda naye akacheka, kwa kuwa kunyamaza kungeuliziwa sababu. Kwao Redio walikuwa ndugu sita. Angemwelezaje mtu wa namna hiyo jinsi ukuta unavyokutazama ukila?

Alasiri ile alipiga simu. Mwenye nyumba, bibi mwenye sauti ya mikwaruzo, alisema nyumba iko wazi, wathibitishe tu kabla ya wiki kwisha. Kinanda akapiga hotelini. Kijana wa mapokezi alimjibu kwa uchangamfu.

"Mna bahati. Kimebaki chumba kimoja cha familia, vitanda vitatu. Nikiwekee jina lenu?"

Kinanda aliinua macho kutoka mezani. Mbele yake kulikuwa na ufa unaofanana na mto.

"Ngoja kwanza niwaambie wazazi," alisema, akakata.

Mama alirudi jioni, amechoka, akaketi kwenye ukingo wa kiti kuvua viatu. "Haya, mkalimani. Wamesemaje?"

"Nyumba ipo," Kinanda alisema. "Hoteli imejaa."

"Imejaa yote?"

"Yote."

Mama alibaki vilevile, kiatu kimoja mkononi. Halafu akakiweka chini taratibu, sambamba na mwenzake. "Basi nyumba. Si neno."

Kinanda alikuwa amedhani yeye mwenyewe atafurahi. Akaenda chumbani kwake, akajilaza, akajaribu kuiona ile meza ya mviringo na watu watatu wakiizunguka. Aliiona vizuri, hata bakuli la katikati aliliona. Lakini kila mama alipogeuza uso kwenye picha ile, alikuwa anasema, "Si neno." Jambo hilo hakuweza kumsimulia yeyote. Upweke wa zamani ulikuwa wa kukosa watu. Huu mpya ulimfuata hata watu wakiwepo. Mama alipompitia asubuhi na kumshika bega, yeye alijikunyata kama aliyeguswa na maji baridi.

Siku ya Ijumaa alitoka shuleni akamkuta mama nyumbani. Ilikuwa nadra mno. Moyo ulimruka kwa furaha, kisha ukatua vibaya. Sanduku la safari lilikuwa wazi kitandani, na mama alikuwa akipanga vitu ndani yake: shuka, foronya, vitambaa vya kufutia vumbi, chupa ya sabuni ya sakafu.

"Mama, vyote hivi vya nini?"

"Nyumba ya kupanga hujui aliyetoka kaiachaje," mama alisema bila kuinua macho. "Siku ya kwanza nitapiga deki, nisugue bafu, nitandike. Siku ya pili ndiyo tutaanza kupumzika. Ukiacha kupika." Alikuwa akikunja shuka kwa namna yake ya kazini: pembe juu ya pembe, kiganja kinapita mara moja tu, na mkunjo unatulia kama umepigwa pasi. Vidole vyake vilikuwa na nyufa za sabuni. "Hebu niletee glavu zangu za mpira, ziko bafuni. Nisije nikazisahau."

Kinanda alikwenda bafuni. Glavu zilikuwa zimeanikwa kwenye ukingo wa ndoo, vidole vikining'inia. Alizichukua, akarudi nazo mpaka mlangoni, na hapo miguu ikagoma.

"Mbona umesimama? Lete."

"Mama, hoteli haikujaa."

Mkono wa mama ulitulia juu ya shuka.

"Walisema kuna chumba cha familia. Vitanda vitatu. Mimi ndiye niliyesema imejaa."

Mama hakupaza sauti. Aliusogeza mrundo wa shuka, akaketi kitandani. Kinanda alitamani agombezwe, mambo yaishe.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Kwa sababu ya meza," Kinanda alisema, na machozi yakaanza. "Ile nyumba ina meza. Tungekula wote. Hapa nakula na ukuta."

"Unakula na ukuta," mama alirudia polepole, kama mtu anayesoma kibao kilichofutika herufi.

Mlango wa nje ulifunguliwa. Baba aliingia, begi la spana begani, mikono ina grisi. Aliwatazama wote wawili. "Kulikoni? Nani kafa?"

"Hajafa mtu," mama alisema. "Mwambie baba yako."

Kuungama mara ya pili kulikuwa kugumu kuliko mara ya kwanza. Kinanda alisema yote, macho yake kwenye glavu. Baba alisikiliza hadi mwisho, kisha akanawa mikono, akaifuta, akatoa simu mfukoni.

"Ulichokiharibu kwa simu, kitengeneze kwa simu," alisema. "Sisi tuko hapa."

Kijana wa mapokezi alikuwa yuleyule. "Kile chumba cha familia? Kilichukuliwa juzi," alisema. "Vimebaki viwili tu vya watu wawiliwawili, vinatazamana kwenye ujia."

Kinanda aliwatafsiria, sauti ikikatika. Vyumba viwili. Alijiona tayari amelala peke yake katika nchi ya watu, mlango umefungwa, hata ufa wa kuuzoea hakuna. "Ni kosa langu," alisema. "Pale mwanzo tungelala wote."

"Ndiyo, ni kosa lako," mama alisema. Hakulificha, wala hakulikuza. Akafikiri kidogo. "Mwambie avishike vyote viwili. Mimi na wewe chumba kimoja. Baba yako achukue chake. Anavyokoroma, nilikuwa natafuta sababu kwa muda mrefu."

"Mimi nakoroma?" baba alisema. "Haya, nitakoroma kwa nafasi, nisisumbuliwe na mtu."

Kinanda alicheka huku analia, akaweka nafasi. Kisha, bila kuambiwa, akampigia yule bibi mwenye nyumba kumjulisha kwamba hawatakuja, na kumwomba radhi kwa kumsubirisha. Bibi aliguna kidogo, akasema afadhali wamemwambia mapema.

Baba akamvuta karibu. "Sikia. Katika kazi yangu nimekutana na watu wa kila namna waliokwama ndani ya lifti. Wapo wanaonyamaza. Wapita njia wanaona mlango umefungwa, wanadhani lifti ni tupu, wanapanda ngazi. Wapo wanaoogopa, wanaanza kuushindilia mlango kwa mateke mpaka wanaupinda, na mimi nachelewa zaidi kuwatoa. Na wapo wanaobonyeza kengele. Wewe umenyamaza mwaka mzima, halafu ukapinda mlango."

"Sisi nasi tulikuwa wapita njia," mama alisema. "Hilo ni letu. Lakini uongo wako ulituamulia jambo bila sisi kujua. Ungesema, 'Mama, mimi naona upweke, nataka tule pamoja,' tungebishana, labda ningekukatalia nyumba au ungenikatalia hoteli, lakini tungechagua tukiona. Ukitaka kitu, kiseme kilivyo. Mwenye kukupenda hawezi kukusaidia kwa habari ya uongo."

"Nimeelewa, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa toa hizi shuka kwenye sanduku, uzirudishe kabatini. Mimi sizigusi tena."

Jumapili baba aliitoa baiskeli na kuifunga kwenye ngazi za nje. Mama akaondoa pasi na nguo, Kinanda akaondoa makopo. Kisha wakaishika meza pande tatu na kuivuta hadi katikati ya chumba. Pale ilipokuwa, miguu yake ilikuwa imeacha alama nne nyeupe sakafuni. Wakakubaliana kwamba Jumapili, zamu isipogoma, chakula kitaliwa hapo na wote.

Walikuwa wamekwisha kupakua, baba ameshika kijiko, simu ikalia. Alisikiliza, akasimama. "Kuna mtu kakwama," alisema. "Lazima niende."

Zamani Kinanda angeitikia kwa kichwa tu. Mama alikuwa ameshaishika sahani ya kufunikia.

"Baba," Kinanda alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Baba, mimi nataka tule wote."

Baba alisimama na begi lake mlangoni. Alimtazama binti yake, kisha akamtazama mama. "Nimesikia kengele," alisema. "Msinifunikie. Nisubirini."

Akaenda. Mama akairudisha ile sahani kabatini. Wakakaa, mama na mtoto, mbele ya sahani tatu zilizo wazi, mvuke ukipungua. Mama alimuuliza habari za shule, na safari hii miguu yake ilikuwa peku. Kinanda alimsimulia za Redio na viti vya kugombania. Maneno yalipokwisha, alianza kuimba puani bila kujua, na mama, aliyekuwa hajausikia wimbo ule siku nyingi, akaufuata kwa sauti ya chini.

Baba aliporudi, nywele zina vumbi, chakula kilikuwa kimepoa kabisa. Wakakila hivyohivyo.