Taa ya Kumi na Mbili

Kila siku akitoka shule, Kiherehere alipita gereji kwanza, nyumbani baadaye. Alivua sare nyuma ya kabati la vipuri, akavaa ovaroli ya mama yake iliyokunjwa miguu mara tatu, kisha akaanza kazi zake zile zile: kufagia, kupanga bisibisi kwa ukubwa, kuchaji mashine ya kusomea makosa ya magari. Jina hilo la Kiherehere alipewa na mama yake mwenyewe, tena mbele za watu, kwa sababu alizoea kudaka kazi kabla hajaelezwa hata nusu yake.

Mama alikuwa fundi umeme wa magari, na ulimi wake ulikuwa mkali wa kukejeli. Ukikosea kwake, gereji nzima itajua. Siku Kiherehere alipounguza fyuzi tatu mfululizo, mama alizitundika ukutani kwa uzi. "Wateja wakiuliza, nitawaambia hayo ndiyo maua ya binti yangu," alisema, na mafundi wakacheka hadi wakashika matumbo. Mtoto alicheka nao huku roho inamuuma. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na hakuna alichokitaka kama kumsikia mama akisema, mara moja tu, kwamba amefanya vizuri.

Alasiri moja dereva wa basi dogo la shule alileta basi lake. Mtu huyu aliendesha taratibu mno, hata wanafunzi wakambatiza Konokono. Binti yake alikaa dawati moja na Kiherehere. Dashibodi ya basi, kile kisanduku cha mishale na taa mbele ya usukani, ilikuwa imekufa. Mshale wa kasi umelala, taa haziwaki, mwendo haujulikani. Mama alikuwa ameshatafuta nyingine, iliyong'olewa kwenye gari la aina hiyo hiyo.

"Sikiliza mpaka mwisho, usidakie," mama alimwambia binti yake. "Dashibodi hii bado inadhani iko kwenye gari lake la zamani. Soma kumbukumbu za ile iliyokufa, uzihifadhi. Kisha iandikie hii namba ya chesisi ya basi hili na kilomita zake za kweli, usipunguze hata moja. Itambulishe ufunguo. Ukimaliza, soma makosa, halafu tutahesabu taa."

Kuhesabu taa ilikuwa sheria ya gereji ile. Ufunguo ukizungushwa, taa zote za onyo huwaka pamoja kwa sekunde chache, zinajipima, kisha huzimika. Fundi mmoja huzihesabu kwa sauti na mwenzake husikiliza. Basi lile lilikuwa na taa kumi na mbili.

"Naenda kuvuta gari lililokwama," mama alisema. "Nikirudi nikute umemaliza. Ukiniharibia hii, mashine hutaigusa tena. Utabaki na ufagio wako."

Kiherehere alifanya kazi kwa uangalifu kuliko siku zote. Kumbukumbu zilihama, kilomita zikasoma sawasawa, ufunguo ukakubaliwa, mishale ikainuka. Kitu kimoja tu kiligoma. Taa nyekundu ya breki iliwaka na haikuzimika. Alipoisoma kwenye mashine, ikamwambia mafuta ya breki yako chini.

Alichotakiwa kufanya alikijua: kufungua boneti, kutazama chupa ya mafuta ya breki, kisha kuinama kwenye magurudumu kutafuta panapovuja. Lakini honi ya mama ilikuwa inalia getini, na kichwani mwake mtoto aliona kitu kimoja tu, mama akisimama mbele ya taa ile na kuwaita mafundi wote waje wacheke. Alifungua ukurasa wa mipangilio. Mstari mmoja uliuliza kama gari lina kifaa cha kupima mafuta ya breki. Kipo, au hakipo. Akachagua "hakipo", na taa ya breki ikazimika kabisa.

"Hesabu," mama alisema, akijifuta grisi mikononi.

Kiherehere alizungusha ufunguo. "Moja, mbili, tatu..." Alifika kumi na moja, na taa zikaisha. "Kumi na mbili," alisema.

Mama hakuinama kutazama. Alisikiliza, kama sheria ilivyotaka, kisha akampiga bega. "Hapo umefanya vizuri, mama." Mafundi wakapiga makofi. Konokono naye akashukuru, akaondoka polepole kama kawaida yake.

Siku tatu baadaye, basi likiwa limejaa watoto, pedali ya breki ilizama hadi sakafuni kwenye mteremko mrefu. Konokono alipiga honi, akashusha gia, na alipoona haisaidii akalielekeza basi ukutani kwa upande wake mwenyewe. Watoto walitoka na mikwaruzo, na mmoja akapoteza meno mawili ya mbele. Konokono alibanwa kati ya injini na kiti. Hospitali walimkata mguu wa kulia chini ya goti.

"Hakuna taa iliyowaka," aliwaambia wote waliokuja kumhoji. "Nilikuwa naitazama dashibodi." Hakuna aliyemwamini. Breki haziishi bila gari kulalamika, walisema, kwa hiyo huyu alikuwa amelala. Shule ikamwandikia barua ya kumfukuza kazi. Mjumbe aliiweka juu ya blanketi, mahali ambapo mguu ulipaswa kuwa, akaenda zake.

Darasani walimzunguka Kiherehere. "Wewe si mtoto wa fundi? Gari lilikuwa zima?"

"Zima kabisa," alijibu. "Nililipima mwenyewe. Labda alisinzia."

Kufikia mapumziko, neno "labda" lilikuwa limeshapotea njiani. Watoto wakatunga wimbo, wakauimba kila mara binti wa Konokono alipopita: "Konokono kalala, basi limelala!" Walimtupia mkoba wake chooni. Walimwekea gongo la kutembelea walilookota juu ya kiti, wakamwambia ampelekee baba. Kiherehere aliliona gongo lile, akaona pia uso wa mwenzake, akafungua daftari na kujifanya anaandika. Wengine walipocheka, naye alicheka kidogo. Ndivyo alivyokuwa siku hizo, na hakuna namna ya kulisema hilo likapendeza.

"Wewe ndiye ulilipima," binti wa Konokono alimnong'oneza. "Niambie kweli. Baba alilala?"

"Mimi nitajuaje?"

Kesho yake binti yule alikuja ametulia mno. Walipoanza kuimba hakuziba masikio. "Hata mimi naona alilala," alisema, akitazama meza. "Jana nilimwambia hospitalini. Nilimwambia, Baba, kubali tu, tuache kuchekwa. Akageukia ukutani."

Kiherehere alisimama katikati ya kipindi cha hesabu, akatoka mlangoni bila ruhusa, akakimbia hadi gereji. Alieleza yote mbele ya mafundi, kamasi zinamtoka: mafuta ya breki, mstari ule, taa kumi na moja, na neno alilolisema darasani.

Safari hii hakuna aliyecheka. Mama alichukua mashine, akamshika mkono kwa nguvu ya kuumiza, wakaenda mpaka pale basi lilipowekwa nyuma ya shule. Alimwita mwalimu mkuu aje ashuhudie. Dashibodi ilikuwa bado nzima. Mama akaunganisha waya, akazungusha ufunguo, akahesabu kwa kidole taa moja baada ya nyingine. Kumi na moja. Kwenye mipangilio akaukuta mstari umeandikwa "hakipo". Chini ya gari, paipu la breki la gurudumu la nyuma lilikuwa limeoza na kuloa mafuta.

"Dereva wako alisema kweli," alimwambia mwalimu mkuu. "Mwongo ni binti yangu. Na mimi fundi sikuinama kutazama, kwa sababu nilitosheka na kusikia tu." Kisha, kwa sauti ndogo, "Na nimemfundisha kuniogopa mimi kuliko anavyoogopa breki mbovu."

Asubuhi iliyofuata mwalimu mkuu alisoma ukweli wote mbele ya shule nzima, Kiherehere akiwa amesimama pembeni yake. Barua ilifutwa. Konokono alirudishwa kazini awe msimamizi wa magari ya shule, kazi ya kukaa mezani, maana pedali hatakanyaga tena. Wimbo ulikoma. Binti yake alihamia dawati jingine.

Jumamosi mama na Kiherehere walikwenda hospitali. Binti wa Konokono alikuwa ameketi kando ya kitanda.

"Shikamoo, mjomba," Kiherehere alisema. Hakuitikiwa.

"Naomba unisamehe," alisema tena.

"Bado," Konokono alijibu. "Labda siku moja. Leo sina." Alijiinua kidogo kwenye mto. "Ile taa ingewaka, ningesimama kando ya barabara. Watoto wangechelewa, ningefokewa, basi. Paipu lenyewe lilikuwa kazi ya saa moja na spana. Uliogopa kusema, nikatoa mguu. Ukaogopa tena, nikampoteza mtoto wangu."

Binti yake aliinamisha kichwa hadi kwenye blanketi. "Baba, mimi ndiye niliyesema umelala."

"Ulisikia maneno ya aliyelipima gari," Konokono alisema, akimshika kichwani. "Mtu akisema amelipima, nani atabisha?" Kisha akamgeukia Kiherehere. "Usingoje mpaka uwe jasiri ndipo useme kweli. Iseme hivyo hivyo huku unaogopa. Watu hawapandi gari kwa kuamini chuma, wanapanda kwa kuamini neno la fundi. Umesikia?"

"Nimesikia, mjomba," alisema Kiherehere. Akalia, na hakuna aliyembembeleza.